Je, akili ni ghala? Jaribio la kufanya nyumbani

Nafundisha saikolojia chuo cha ualimu. Kila mwaka darasa hugawanyika: wapo wanaosema akili ni ghala, ulichoweka ndicho utakachotoa, na wapo wanaokataa. Sibishani nao, nawafanyisha jaribio. Tafuta mtu wa kumpima, kalamu za rangi tatu, na mabao mawili, kila moja na kete zake 64.

Hatua ya 1. Msomee tarakimu hizi, moja kila sekunde: 4 9 1 7 2 8 3 0 6 5 9 2. Azirudie kwa mpangilio. Wengi hukwama kwenye ya sita au ya saba. Mwanasaikolojia George Miller aliliandika hilo mwaka 1956: saba, ongeza au punguza mbili.

Hatua ya 2. Sasa: 1 9 6 1 1 9 6 4 1 9 6 2 1 9 6 3. Mtazame usoni. Atakunja uso, kisha katikati atacheka: uhuru wa Tanganyika, Mapinduzi ya Zanzibar, Uganda, Kenya. Tarakimu 16 zimekuwa mafungu manne. (Zamani niliipanga miaka kwa mfuatano, hadi mwanafunzi mmoja akaniambia, "Mwalimu, mimi nimehesabu tu.") Hapa watu wa ghala hushangilia. Waache.

Hatua ya 3. Mwite fundi wa bao. Mwonyeshe mchezo uliofika katikati kwa sekunde kumi, ufunike kwa kanga, kisha aupange upya kwenye bao jingine. Halafu mwaga kete ovyo mashimoni, urudie. Linganisha makosa yake na ya mtu asiyejua bao. William Chase na Herbert Simon walifanya hivi kwa sataranji mwaka 1973: bingwa alimwacha mbali mwanagenzi kwenye mchezo halisi, lakini vipande vilipotawanywa ovyo, ubingwa wake ukakaribia kuyeyuka. Macho ni yaleyale, vipande ni vilevile. Kilichokosekana ni maana ya kuvifunga pamoja.

Hatua ya 4. Hii ndiyo ninayoipenda, usiiharakishe. Simulia kisa kifupi chenye jambo la ajabu. Changu ni cha mvuvi wa Pemba aliyemlipa kunguru nazi tatu amlindie ngalawa. Baada ya wiki, aliyesikia aandike anachokumbuka. Pigia mstari kwa rangi: kilichobaki, kilichobadilika, kilichoongezeka. Mwaka jana kunguru aligeuka mlinzi mzee, na nazi zikawa shilingi elfu tatu. Frederic Bartlett wa Cambridge alikutana na hayohayo katika utafiti aliouchapisha mwaka 1932: Waingereza waliosoma hadithi ya Wahindi Wekundu waligeuza mtumbwi kuwa mashua, na kuwinda sili kukawa kuvua samaki.

Waulize watu wa ghala: yule mzee alihifadhiwa lini? Ghala huibiwa, huliwa na panya, lakini halizai gunia ambalo hakuna aliyelipeleka.

Rangi ya tatu isipotokea kabisa, kisa chako kilikuwa cha kawaida mno, au hukungoja wiki. Rudia kwa kingine.