Namna ya Kupima Iwapo Timu ya Mji wa Baridi Ijenge Uwanja wa Kuba

Mpira unaozungumziwa hapa ni ule wa Kimarekani, unaochezwa kwa mikono zaidi kuliko miguu, ambao msimu wake huanza Septemba jua likiwa bado na nguvu na kuingia Januari maji ya maziwa ya jimbo la Minnesota yakiwa yameganda kiasi cha kubeba gari. Timu kadhaa za NFL, ligi kuu ya mchezo huo, ziko katika miji ambayo Desemba yake ni ya kuumiza: Green Bay, Buffalo, Chicago, Cleveland, Minneapolis, Detroit. Kila uwanja wa miji hiyo unapozeeka, swali huwa ni lilelile, iwapo ujengwe mwingine ulio wazi au ujengwe wenye kuba linaloufunika wote. Wenzetu wengi wanaosema Kiswahili wanaishi katika miji hiyo na kulipa kodi huko, na wengine wameshapata haki ya kupiga kura. Mtaa wa Cedar-Riverside wa Minneapolis, wenye wakazi wengi wa kutoka Afrika Mashariki, uko kituo kimoja tu cha treni kutoka uwanja wa Vikings, timu ya mji huo. Hata asiyefuatilia mchezo huu ana sababu ya kujua jinsi ya kulipima jambo hili, kwa kuwa sehemu ya bili itamfikia.

Nautoa msimamo wangu mapema. Baridi peke yake haitoshi kuwa sababu ya kujenga kuba. Paa zima hujengwa kwa ajili ya siku zile ambazo timu haichezi, na mji usioweza kuzijaza siku hizo hauna haja nalo, hata kama theluji yake inafika kiunoni.

Anza kwa kuhesabu baridi yenyewe. Chukua ratiba za timu za misimu 10 iliyopita. Kila msimu timu hucheza nyumbani mechi 8 au 9 za ligi, na kumbukumbu za mechi huonyesha joto la hewa wakati mchezo ulipoanza. Zigawe katika mafungu matatu: zilizochezwa katika nyuzi 5 za Selsiasi au zaidi, zilizochezwa kati ya hapo na nyuzi 10 chini ya sifuri, na zilizoshuka kupita hapo. Utagundua kwamba sehemu kubwa ya msimu huchezwa kabla baridi haijakomaa, na kwamba mechi za fungu la tatu ni chache kuliko watu wanavyozisimulia. Husimuliwa sana kwa sababu zinatisha: tarehe 31 Desemba 1967, Green Bay walipowashinda Dallas 21 kwa 17 katika nyuzi 25 chini ya sifuri, mitambo ya kupasha joto ardhi ya uwanja ilishindwa kazi na filimbi za waamuzi ziliganda, wakabaki kuamua kwa sauti zao. Mechi hiyo inastahili kukumbukwa, lakini mechi moja haiwezi kubeba gharama ya paa.

Fungu hilo la tatu, hata likiwa dogo, lisidharauliwe linapogusa afya. Januari 2024 Kansas City walicheza mechi ya mtoano katika nyuzi 20 chini ya sifuri, na baadhi ya watazamaji walikuja kukatwa vidole baada ya nyama kufa kwa baridi. Timu inayochagua uwanja wa wazi ibanwe ieleze kwa maandishi itawalinda vipi watu wake: paa la kukinga majukwaa, vipasha joto juu ya viti, kumbi za ndani zenye nafasi ya watu wengi kujisitiri wakati wa mapumziko, na utaratibu wa kuahirisha mechi kabla ya watu kufunga safari.

Baada ya hapo, itenganishe baridi na theluji, kwani watetezi wa kuba huzichanganya. Mfano ulio wazi kabisa ni Buffalo. Novemba 2014, na tena Novemba 2022, mechi za Bills, timu ya mji huo, zilihamishiwa Detroit, kwenye uwanja wenye paa, kwa sababu ya theluji iliyotoka Ziwa Erie. Wengi walisema kwamba kuba lingeziokoa mechi hizo. Lakini ilikuwa imepigwa marufuku kuendesha magari, na majirani waliwachimbia wachezaji njia kwa makoleo ili wafike kwenye ndege. Uwanja ungekuwa mkavu, wenye joto na usio na mtu. Unapoambiwa kwamba paa litazuia mechi kuahirishwa, uliza barabara zilikuwa katika hali gani siku ile. Jibu la kweli likiwa kwamba polisi walizifunga, hoja hiyo iondoe mezani.

Chunguza paa lenyewe, na hapa usiwe na haraka, kwa maana neno “kuba” hufunika vitu visivyofanana. Metrodome ya Minneapolis, iliyofunguliwa mwaka 1982, haikuwa na nguzo wala mihimili iliyobeba paa. Ilikuwa na kitambaa cha nyuzi za kioo kilichopakwa Tefloni na kushikiliwa juu kwa shinikizo la hewa iliyosukumwa na feni kubwa. Aliyetoka kwa mlango wa kawaida alisukumwa mgongoni na upepo huo kana kwamba jengo linamtapika. Theluji iliyeyushwa kwa hewa ya moto iliyopitishwa kati ya matabaka mawili ya kitambaa, na ilipozidi, wafanyakazi walipanda juu na mipira ya maji ya moto. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 2010 upepo ulikuwa mkali mno, wafanyakazi wakateremshwa kwa usalama wao, na alfajiri kamera zilizokuwa ndani zikarekodi jinsi kitambaa kilivyobonyea, kikapasuka, na shehena ya theluji ikamwagika uwanjani kama unga uliotoboka kwenye gunia. Hapakuwa na mtu aliyeumia. Mechi dhidi ya New York Giants ilihamishiwa Detroit, na iliyofuata, dhidi ya Chicago, ikachezwa nje kwenye uwanja wa Chuo Kikuu cha Minnesota. Paa lilelile lilikuwa limeshaanguka au kupasuka mara kadhaa katika miaka yake ya mwanzo, na la Silverdome ya Pontiac, karibu na Detroit, lililojengwa kwa mtindo uleule, liliangushwa na theluji mwaka 1985.

Uwanja uliochukua nafasi ya Metrodome mwaka 2016, U.S. Bank Stadium, ulijengwa na watu waliojifunza kutokana na kosa hilo. Paa lake ni la chuma, lina mwinuko mkali, na takriban asilimia 60 yake ni plastiki imara inayopitisha mwanga, iliyowekwa upande wa kusini ili jua lisaidie kuyeyusha theluji. Inayobaki huteleza hadi kwenye mifereji iliyopashwa joto. Fundi wa kuezeka makuti angelielewa paa hilo kwa mtazamo mmoja, maana naye hujua kwamba paa lililolala hukaribisha kile linachopaswa kukimwaga. Huo ndio mtihani wa kwanza wa mchoro wowote utakaoletwa: theluji itakwenda wapi, kwa nguvu ya nini, na umeme ukikatika usiku wa dhoruba itakuwaje. Kuhusu paa la kufunguka na kufungwa, nashauri lisichukuliwe bila sababu nzito. Minneapolis walilikataa na kuweka milango mitano mikubwa inayozunguka, yenye urefu wa hadi mita 29, na mwanga wa paa lile linalopenya humpa mtazamaji hisia ya kuwa nje kwa gharama ndogo zaidi.

Sasa fika kwenye hesabu iliyo kubwa kuliko zote, ambayo ni ya siku ambazo timu haichezi. Ukijumlisha mechi za ligi na za maandalizi, timu hutumia uwanja wake siku zipatazo 10 kwa mwaka. Kuba hujilipia, kama hujilipia, kwa siku nyingine 355. Omba orodha ya matukio yanayotarajiwa, kisha fanya jambo ambalo washauri wa timu huwa hawalifanyi: futa kila tukio ambalo tayari hufanyika katika ukumbi mwingine wa mji huohuo. Tamasha lililohama kutoka ukumbi wa katikati ya jiji kwenda kwenye kuba jipya halijauletea mji hata senti moja. Limehama mfuko tu. Yanayobaki baada ya kufuta ndiyo faida halisi.

Katika orodha hiyo patakuwa na Super Bowl, yaani fainali ya ligi, na itaandikwa kwa herufi kubwa. Ni kweli kwamba ligi huipeleka fainali yake kwenye joto au chini ya paa. Fainali ya Februari 2014 kule New Jersey, katika uwanja wa wazi, ilikuwa ya pekee kwa mji wa baridi. Lakini tazama kumbukumbu. Silverdome ilipata fainali mwaka 1982, Metrodome mwaka 1992, Ford Field ya Detroit mwaka 2006, Lucas Oil Stadium ya Indianapolis mwaka 2012, na U.S. Bank Stadium mwaka 2018. Kila moja imepata fainali moja tu hadi sasa. Kuba la zamani la Indianapolis, lililotumiwa na Colts, timu ya mji huo, kuanzia 1984, lilibomolewa bila kupata hata moja. Kwa hiyo andika fainali moja katika maisha yote ya jengo, na kama hesabu haisimami kwa fainali moja, haisimami.

Kuhusu ushindani, sitakaa sana. Wapo wanaoamini kwamba baridi huwajenga wachezaji, na Minnesota wana sura ya imani hiyo: Bud Grant, kocha aliyewakatalia wachezaji wake vipasha joto kando ya uwanja, na ambaye akiwa na umri wa miaka 88 alitoka kushuhudia urushaji wa sarafu akiwa na shati la mikono mifupi katika nyuzi 21 chini ya sifuri. Siku hiyo, 10 Januari 2016, Vikings walikuwa wakicheza nje kwa muda huku kuba jipya likijengwa. Mpiga mateke wao, Blair Walsh, aliyekuwa amewafungia pointi zote 9, alikosa teke la mwisho la yadi 27, na Seattle wakashinda 10 kwa 9. Nilipoiona picha ya mzee yule, mikono yake mitupu katikati ya watu waliofunikwa hadi macho, nilielewa kwa nini watu hawataki kuachana na uwanja wa wazi. Lakini baridi ile iliwapiga wenyeji na wageni sawasawa. Colts walitwaa ubingwa wa msimu wa 2006 wakiwa timu ya kuba. Hoja hii iheshimiwe kama mapenzi, isiingizwe kwenye hesabu.

Fedha ndizo zitakazoamua, na hapo soma mkataba kabla ya mchoro. U.S. Bank Stadium iligharimu takriban dola bilioni 1.1, jimbo lilitoa milioni 348 na jiji milioni 150. Fungu la jimbo lilitegemea kodi ya michezo ya bahati nasibu ya kielektroniki kwenye baa, ambayo mwanzoni ilileta fedha chache mno kuliko ilivyoahidiwa; baadaye mapato yakapanda, na mwaka 2023 jimbo likalipa deni lote mapema. Buffalo walichagua uwanja wa wazi katika Orchard Park, wenye paa la kukinga takriban asilimia 65 ya viti, uliopangwa kwa msimu wa 2026. Umma uliahidi dola milioni 850, yaani 600 kutoka jimbo la New York na 250 kutoka Kaunti ya Erie. Gharama iliyokadiriwa kuwa bilioni 1.4 ilipanda hadi kupita bilioni 2, lakini mkataba ulisema kwamba kila kinachozidi ni juu ya timu. Kifungu hicho kimoja kina thamani kubwa kwa mlipakodi kuliko paa lolote. Wachumi waliochunguza viwanja vya michezo wanakubaliana kwa wingi kwamba fedha za umma zinazowekwa humo hazirudi kwa kiwango kinachoahidiwa, kwa hiyo anayedai mji wake utakuwa tofauti ndiye mwenye kazi ya kuthibitisha.

Usisahau nyasi. Chini ya paa lisilofunguka nyasi hai hazidumu, na chama cha wachezaji kinadai nyasi hai badala ya bandia. Inawezekana: kwa Kombe la Dunia la 1994, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Michigan State walikuza nyasi nje katika trei za pembe sita na kuzipanga ndani ya Silverdome, na mechi 4 zikachezwa juu yake. Uliza iwapo bajeti ina kipengele cha aina hiyo au imenyamaza.

Nikitumia vipimo hivi, Green Bay na Buffalo zibaki wazi, kwani ni miji midogo isiyoweza kujaza kuba mwaka mzima. Minneapolis na Detroit zilifanya sawa, hasa kwa kujenga katikati ya jiji, penye treni, hoteli na watu. Chicago, ambako timu yake, Bears, ilinunua ekari 326 za kitongoji cha Arlington Heights mwaka 2023 kwa dola milioni 197.2, ina ukubwa wa kulijaza kuba, na kwa sababu hiyohiyo mwenye timu anaweza kuligharamia. Cleveland ndiyo inayonitia wasiwasi: mpango wa kuba la kitongoji cha Brook Park la dola bilioni 2.4 uliahidiwa na jimbo la Ohio, mwaka 2025, dola milioni 600 kutoka katika fedha za wananchi ambazo wenyewe hawajazidai.

Baraza la jiji au la kaunti yako likiitisha kikao cha kusikiliza maoni, jiandikishe mapema, kwa kuwa mzungumzaji hupewa dakika chache tu. Usizitumie kueleza kama unapenda baridi au huipendi. Uliza nani atalipa gharama zikizidi, ni matukio mangapi yatabaki baada ya kufuta yale ambayo mji unayo tayari, nani atakayelitengeneza paa katika mwaka wa 20, na timu italipa faini kiasi gani ikihama kabla ya mkataba kwisha. Omba majibu yaingizwe kwenye kumbukumbu za kikao, na usiondoke kabla hujapewa tarehe ambayo majibu hayo yatachapishwa.