Namna ya Kusikiliza Rekodi za Muziki wa Kiklasiki wa Kihindi kwa Kufuata Raga Moja

Msikilizaji wa Nairobi aliyezoea taarab ya Mombasa huifahamu sauti ya tabla, jozi ya ngoma ndogo za Kihindi, tangu zamani, lakini anapofungua rekodi ya sitar, ala ya nyuzi yenye shingo ndefu, yenye urefu wa karibu saa nzima, mara nyingi hukata tamaa kabla tabla yenyewe haijaingia, kwa sababu hakuna mashairi ya kumwongoza. Njia ninayoiamini ni kuchagua raga moja na kuifuata kutoka ala moja hadi nyingine, badala ya kurukia kila rekodi unayokutana nayo.

Raga ni mpangilio wa noti wenye desturi zake: noti ipi inarukwa, ipi inakaliwa, na ipi inakaribiwa polepole. Anza na Yaman, ambayo wanafunzi wengi hufundishwa mapema na wapigaji wakubwa wameirekodi mara nyingi. Kati ya noti saba za Kihindi, Sa, Re, Ga, Ma, Pa, Dha na Ni, ni Ma pekee inayopandishwa nusu hatua, na hiyo ndiyo noti ya kutegea sikio. Kwa desturi raga hii ni ya mwanzo wa usiku. Ukikaa karibu na barabara ya matatu, tumia vipokea sauti vya masikioni, maana inaanza kwa sauti ya chini mno.

Sauti itakayokupokea ni ya tanpura, ala ya nyuzi ambayo haipigi wimbo wowote bali hurudia noti za msingi tangu mwanzo hadi mwisho. Imba Sa, noti ya kwanza ambayo nyingine zote huipimia, pamoja nayo kwa sauti ndogo mpaka uishike. Kisha huja alap, sehemu isiyo na mapigo ya ngoma, ambamo mpigaji huitambulisha raga noti baada ya noti. Wengi huiruka, nami naona wanajinyima sehemu iliyo bora kuliko zote.

Sasa linganisha. Katika sitar ya Vilayat Khan, sikiliza jinsi uzi unavyovutwa kando ili noti ipande bila kukatika, kama anavyofanya mwimbaji, huku nyuzi za chini zisizoguswa zikiitikia zenyewe. Sarod, ala nyingine ya nyuzi ambayo Ali Akbar Khan alikuwa bingwa wake, haina vigawanyo vya noti kwenye shingo yake. Vidole huteleza juu ya bamba la chuma, na nyuzi hupigwa kwa kipande cha kifuu cha nazi, ndiyo maana sauti yake ni nzito na kavu zaidi. Bansuri ya Hariprasad Chaurasia ni filimbi ya mwanzi yenye matundu tu, na noti za katikati hupatikana kwa kuziba tundu nusu.

Tabla ikiingia, hesabu. Tala ni mzunguko wa mapigo unaojirudia, na inayotumika sana, teental, ina mapigo 16: piga kofi katika pigo la 1, la 5 na la 13, na katika la 9 punga mkono bila kugonga. Wapigaji wawili wakiachana kisha wakakutana sawasawa kwenye pigo la 1, utaelewa kwa nini wasikilizaji hushangilia.

Santuri za zamani zinahitaji tahadhari. Mwimbaji Gauhar Jaan aliporekodiwa Calcutta mwaka 1902, upande mmoja ulibeba kama dakika tatu tu, kwa hiyo usiipime raga kwa santuri hizo. Mwaka 1955 Ali Akbar Khan alirekodi Marekani santuri ndefu yenye raga moja kila upande. Ukinunua zilizotumika Kenyatta Market, zikague mikwaruzo kwenye mwanga, usome jina la raga na la tala, na uhakikishe kasi ni mizunguko 33 kwa dakika, kwa kuwa zile za 78 huhitaji mashine yenye kasi hiyo na sindano nene zaidi.

Ukishaitambua Yaman bila kusoma jalada, tafuta Kalyani, raga ya kusini mwa India yenye noti hizohizo, iliyoimbwa na M. S. Subbulakshmi, ambako tabla inaachia nafasi mridangam, ngoma moja yenye nyuso mbili.