Kupima zebaki ya baharini kwa manyoya ya ndege, hatua kwa hatua

Watu wananiuliza sana, kwa nini uhangaike na ndege wakati maji yapo, si uchote chupa moja upeleke maabara? Shida zebaki kwenye maji ya bahari ni kidogo mno, kuipima kunataka ufundi wa hali ya juu, lakini bakteria wakishaigeuza kuwa methili-zebaki (zebaki inayoingia mwilini kirahisi) inaingia kwenye planktoni, vile viumbe vidogo vinavyoelea majini, dagaa wanaila, samaki wakubwa wanakula dagaa, kila ngazi inazidi kujazana, mpaka ifike kwa ndege mla samaki mashine inaisoma bila taabu. Na ndege mwenyewe anaitoa kwenye manyoya, kwa hiyo huhitaji kumuua.

Hatua ya 1: vibali
Tanzania anza na COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) na TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori), Kenya NACOSTI (tume ya sayansi) na KWS (shirika la wanyamapori). Anza mapema, makaratasi yanakula muda kuliko kazi yenyewe.

Hatua ya 2: chagua ndege, na umri wake
Hapa ndo pa kutuliza akili. Unyoya unapokea zebaki kupitia damu wakati unaota tu, ukishakomaa damu haifiki tena, yaani ni kama risiti, inaonyesha kilichoingia siku zile, siyo leo. Buabua (ndege wa baharini mla samaki) aliyekomaa uliyemshika Kisite au Kiunga, pwani ya Kenya, huenda manyoya yake yaliotea mbali huko, sasa ukimpima huyo halafu useme maji ya Kiunga machafu, umeyasingizia. Ukitaka habari za hapo hapo chukua makinda waliokaribia kuruka, maana wamelishwa samaki waliovuliwa na wazazi msimu huo huo. Wakubwa ni wa kupata picha ya bahari pana. Na tafadhali usiwachanganye kwenye wastani mmoja.

Hatua ya 3: kisiwani
Buabua wa huko huzaa wakati wa kusi. Nenda asubuhi na mapema, ukae muda mfupi, kwa sababu mchana wazazi wakiruka makinda wanaungua juani, na kunguru wakiwepo wanashuka fasta kwenye mayai. Ukikuta ndege wengi wamekufa usiguse kitu, rudi kwenye boti utoe taarifa kwa daktari wa mifugo, mafua ya ndege hayana mchezo.

Vaa glavu. Mshike kinda mbawa zikiwa zimebanwa kwenye kiganja, mfunike kichwa kwa kitambaa chepesi atatulia, kisha ng'oa manyoya machache ya kifua, moja moja, ukivuta kufuata unyoya ulivyolala. Kwa nini kifua? Manyoya makubwa ya bawa hayalingani, kwa ndege wakubwa yale yanayoota kwanza hubeba zebaki nyingi kuliko yanayofuata. Weka kwenye bahasha ya karatasi, ya plastiki inatunza unyevu na ukungu unaingia. Andika kwa penseli: tarehe, kisiwa, aina, umri, namba.

Hatua ya 4: kuosha
Suuza kwa asetoni, halafu maji ya maabara yasiyo na madini, rudia mara kadhaa. Yakiloa yananata na kusinyaa mpaka unadhani umeyaua, yaache, yakikauka yanafunguka tena. Kama unapima risasi (ile metali, lead) usiruke hatua hii hata kidogo, risasi inagandia nje ya unyoya kutoka hewani. Kausha ovenini nyuzi 50 hivi mpaka uzito usibadilike.

Hatua ya 5: kupima
Kwa zebaki tumia mashine inayochoma sampuli moja kwa moja, miligramu chache zinatosha. Kwa risasi na metali nyingine, yeyusha unyoya kwa asidi ya nitriki kisha upitishe kwenye ICP-MS, mashine inayosoma metali kidogo sana. Pitisha pia sampuli tupu (isiyo na unyoya) na ya rejea (ambayo kiwango chake kinajulikana), kwa rejea nywele za binadamu zinafaa, nazo ni keratini, protini kama ya manyoya. Kadimi, metali nyingine yenye sumu, usijisumbue nayo, inajificha kwenye figo.

Hatua ya 6: kusoma namba
Andika mikrogramu kwa gramu, uzito mkavu. Utakuta 5 inatajwa kila mahali kama mwanzo wa madhara kwenye uzazi, ichukue kama taa ya njano tu, aina za ndege hazifanani. Pima na naitrojeni-15 pia (aina nzito ya naitrojeni), inakuambia ndege anakula ngazi gani, bila hiyo utatangaza uchafuzi umepanda kumbe wamehamia samaki wakubwa zaidi.

Na ukitaka kulinganisha na ngozi za ndege wa zamani za makumbusho, jua nyingine zilihifadhiwa kwa chumvi ya zebaki, kwa hiyo hapo waambie maabara wapime methili-zebaki peke yake.