Kuomba ruzuku ya ubia kati ya chuo cha ufundi na waajiri, hatua kwa hatua

Mwongozo huu nawaandikia wakuu wa vyuo vya ufundi stadi, waratibu wa vyuo vya maendeleo ya wananchi na viongozi wa asasi wanaotaka kuomba ruzuku kwa kushirikiana na waajiri. Mifano ni ya Tanzania, ninakofanyia kazi hii. Maandiko mengi ya kuombea ruzuku ninayoyapitia yanaomba mashine. Mashine zinahitajika, sikatai. Ila kijana aliye nje ya geti la chuo hazuiwi na upungufu wa vyerehani. Anazuiwa na nauli, mlo wa mchana, mtoto wa kunyonyesha na mwajiri asiyemjua. Andiko linalopanua fursa kweli hujengwa juu ya mambo hayo manne.

Hatua ya 1: Hakikisheni mnastahili

Someni wito wa maandiko, yaani tangazo la mtoa ruzuku, mpaka mwisho, pamoja na viambatisho. Usajili wa chuo NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi, uwe hai, kozi mnazoombea ziwe zinatambuliwa, na hesabu zilizokaguliwa ziwe mkononi. Kisha angalieni sekta. Mfuko wa Kuendeleza Ujuzi, yaani SDF, uliosimamiwa na Mamlaka ya Elimu Tanzania chini ya ESPJ, mradi wa elimu na ujuzi kwa ajira ulioidhinishwa 2016, ulilenga sekta sita: kilimo na usindikaji, utalii na ukarimu, uchukuzi, ujenzi, nishati na TEHAMA. Kozi isiyoingia kwenye sekta za wito msiilazimishe. Subirini wito mwingine.

Hatua ya 2: Mpateni mwajiri kabla ya kushika kalamu

Hapa ndipo kazi ilipo. Nendeni kwa mwajiri mkiwa na swali moja: ni kazi gani hapa ambayo mkimwajiri mtu mpya inabidi mumfundishe upya? Jibu lake ndilo moyo wa andiko. Akisema wahudumu wapya wa jikoni hawajui usafi wa chakula, au mafundi umeme hawawezi kusoma mchoro, andikeni maneno yake kama alivyoyasema.

Mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi atawaambia kwamba tayari analipa tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL. Ana hoja. Tozo hiyo, iliyoshushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5 mwaka 2023, hukokotolewa kwa jumla ya mishahara anayolipa, na sehemu yake huenda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Msibishane naye. Mwambieni kwamba ubia unampa kauli juu ya kinachofundishwa, kitu ambacho kulipa tozo peke yake hakumpi.

Msikimbilie kampuni kubwa tu. Katika miji mingi nafasi za mafunzo kazini ziko kwenye gereji, karakana za kuchomelea na maduka ya useremala yenye watu wachache. Mafundi hawa wengi hawana cheti, ingawa kazi wanaijua kuliko sisi tunaowaandikia. Wekeni kwenye bajeti gharama za urasimishaji ujuzi, ili wale watakaopokea vijana wenu wapimwe na VETA na wapewe vyeti vyao. Fundi anayepata kitu chake ndani ya mradi humfundisha mwanagenzi, yaani kijana anayejifunza kazi kwake, kwa moyo, na mtoa ruzuku ataona wanufaika wa pande mbili.

Hatua ya 3: Wekeni makubaliano kwenye karatasi

Barua ya kuunga mkono isiyotaja idadi haina uzito. Hati ya makubaliano itaje mwajiri atapokea wanagenzi wangapi, kwa wiki ngapi, na nani atawasimamia kwa jina la cheo. Itaje nani anatoa vifaa vya kinga, nani anagharimia bima ya ajali, na mwanagenzi akionewa au akinyanyaswa atalalamika kwa nani. Kipengele hiki cha mwisho waajiri wengine hukikwepa. Msikiondoe. Mzazi wa binti wa miaka 18 atauliza, na ana haki ya kujibiwa.

Hatua ya 4: Bajeti ianze na mwanafunzi

Chukueni chuo cha VETA ambacho ada ya kutwa ni shilingi 60,000 kwa mwaka. Kijana anayepanda daladala moja kwenda na moja kurudi, kwa nauli ya 600, anatumia 1,200 kwa siku. Kwa siku tano za wiki ni 6,000. Kwa wiki 40 ni 240,000. Nauli peke yake ni mara nne ya ada, na hapo hajala. Hesabu kama hii, ikifanywa kwa njia na nauli za eneo lenu, iwekeni kwenye andiko ilivyo. Inamshawishi msomaji kuliko aya nzima kuhusu umaskini.

Tangu Novemba 2021 wasichana walioacha shule kwa ujauzito wanaruhusiwa kurudi masomoni, na vyuo vya maendeleo ya wananchi, vilivyoanza 1975, ni mlango mwingine kwao. Lakini mama wa mtoto mchanga hawezi kushika randa huku mtoto analia. Ombeni chumba cha malezi na posho ya mlezi. Kwa wanafunzi viziwi wekeni wakalimani wa lugha ya alama wawili, kwa sababu hupokezana. Mmoja huchoka kabla ya kipindi kuisha.

Mashine zije baada ya hapo. Bei zitokane na nukuu za wazabuni, na hakikisheni VAT imejumuishwa. Chuo cha umma hununua kupitia NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma ulioanza kutumika 2023, na taratibu zake zinataka muda. Mpango kazi unaoonyesha mashine zimefika mwezi wa kwanza mpitiaji mzoefu hataamini.

Hatua ya 5: Viashiria

Vichache, vinavyopimika. Walioingia, waliomaliza, waliofaulu tathmini, walio kazini au wamejiajiri miezi sita baadaye. Gaweni kila kimoja kwa jinsia na ulemavu. Wekeni fedha za kupiga simu na kuwafuata wahitimu, na ridhaa yao ya kutumia taarifa zao ichukuliwe siku ya usajili, kama Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inavyotaka.

Hatua ya 6: Kabla ya kutuma na baada ya kukubaliwa

Mpeni andiko mtu asiye wa chuo alisome, kisha mmuulize msomaji huyo: mwajiri anaahidi nini? Akishindwa kujibu, rudini hatua ya 3. Jumla ya bajeti kwenye jedwali na kwenye maelezo zilingane hadi shilingi ya mwisho. Tumeni siku kadhaa kabla ya tarehe ya mwisho, na uthibitisho wa kupokelewa uhifadhiwe.

Mkikubaliwa, mhasibu asome mkataba kabla ya mkuu wa chuo kuusaini, hasa masharti ya awamu za malipo. Awamu ya pili mara nyingi haitoki mpaka ripoti ya kwanza ipite. Pangeni mapema nauli ya wanagenzi itatoka wapi katika kipindi hicho cha kusubiri, maana kijana akikosa nauli wiki mbili mfululizo kwa kawaida harudi.