Likizo ya skii Zermatt kwa anayeanza: panga viatu na mwalimu kabla ya hoteli

Kila Novemba ujumbe huanza kuingia kutoka Tanga, Dar, Nairobi hadi Muscat: "Tunakuja kuona theluji, tutafutie hoteli inayotazama Matterhorn." Naishi katika jimbo la Valais, kusini mwa Uswisi, na kwa miaka kadhaa nimewapangia ndugu na marafiki safari zao za kwanza za skii, yaani kuteleza juu ya theluji kwa vibao virefu miguuni. Hoteli huwa naitafuta mwisho. Anayeteleza kwa mara ya kwanza hufurahi au hujuta kwa sababu ya viatu vyake na mwalimu wake. Matterhorn yenyewe, mlima wa mita 4,478 ulio juu ya mji wa Zermatt, ataiona bure akisimama barabarani.

Hatua ya 1: Chagua wiki

Krismasi hadi Mwaka Mpya, na karibu Februari yote shule za Ulaya zinapofunga kwa zamu, bei hupanda na foleni za lifti za kupandia mlima huwa ndefu. Januari baada ya sikukuu kuna utulivu na bei hushuka, lakini baridi yake ni kali sana kwa mtu aliyezoea joto la Pwani. Wageni wangu huwaita katikati ya Machi. Siku zimerefuka, jua lipo, na theluji bado ni nzuri kwa kuwa njia nyingi za kutelezea ziko juu ya mita 2,000. Kwa mwaka 2027, Ramadhani inatarajiwa kuisha karibu Machi 9 na Pasaka ni Machi 28. Hizo wiki mbili za katikati ndizo ningezichukua. Kumbuka tu kwamba mwezi huo theluji ya chini hulainika kama uji ikifika alasiri, kwa hiyo toka mapema.

Hatua ya 2: Viza na bima

Uswisi imo katika eneo la Schengen, nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasipungue siku 15. Usisubiri hizo siku 15. Nafasi za miadi hujaa. Ada ya mtu mzima ni euro 90, na bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000.

Hapa nakuomba usome karatasi ya bima mstari kwa mstari. Bima nyingi za viza hulipia ugonjwa wa kawaida lakini hazigusi michezo ya theluji. Ukivunjika mguu mlimani, huenda ukashushwa kwa helikopta, na gharama yake utadaiwa wewe. Tafuta maneno yanayotaja wazi skii na uokoaji wa mlimani. Kama hayapo, ongeza malipo au badilisha kampuni.

Hatua ya 3: Weka nafasi ya mwalimu

Madarasa ya kikundi huanza siku maalumu za wiki, kwa hiyo siku ya kufika ifuate darasa. Wengi hukata tiketi ya ndege kwanza, wakafika darasa limeshaanza jana yake. Walimu wanaofundisha kwa Kiingereza ni wengi. Kama mko watu wanne wa familia moja, ulizia bei ya mwalimu wa peke yenu kwa nusu siku. Ukigawanya kwa vichwa, tofauti mara nyingine ni ndogo, na mtoto mwoga hupata mtu wa kumshika mkono.

Usimruhusu binamu aliyeteleza mara mbili akufundishe. Atakupandisha juu kabla hujajua kusimama.

Hatua ya 4: Sasa tafuta malazi

Zermatt hairuhusu magari ya kawaida. Ndani ya mji kuna teksi na mabasi madogo ya umeme. Kwa hiyo pima umbali wa kutembea kwa miguu ukiwa umevaa buti ngumu na kubeba skii begani. Chukua nyumba iliyo karibu na kituo cha treni ya Sunnegga, inayopandisha watu mlimani, au kwenye njia ya basi. Ikiwa na jiko, bora zaidi: maduka ya Coop na Migros yako karibu na stesheni, mchele unapatikana, na chakula cha hotelini kwa wiki nzima kitakumalizia faranga.

Kwa Waislamu, na kwa yeyote asiyekunywa: fondue, ile jibini inayoyeyushwa chunguni, kwa kawaida hupikwa na divai nyeupe. Raclette ni jibini iliyoyeyushwa juu ya viazi, mara nyingi bila divai. Rösti, viazi vilivyokunwa na kukaangwa, nayo huja mara kwa mara na vipande vya nyama ya nguruwe. Uliza kabla ya kuagiza, hawachukii kuulizwa.

Hatua ya 5: Nguo

Koti na suruali za skii zimejaa kwenye mitumba. Nenda Karume pale Ilala au Gikomba, Nairobi, ukague zipu, kisha mwaga maji kidogo juu ya kitambaa. Yakisimama kama matone, chukua, yakinywewa, acha. Ndani vaa sufu au kitambaa cha michezo. Pamba ikilowa jasho hukaa baridi mwilini siku nzima. Glavu nunua mpya. Helmeti na buti kodi huko huko, usinunue zilizotumika.

Nywele zipangwe mapema. Twende kilioni iliyolala vizuri huingia chini ya helmeti; rasta zilizofungwa fundo kisogoni haziingii. Anayevaa hijabu achukue ile nyepesi ya michezo inayobana, maana mtandio unaoning'inia unaweza kunaswa na lifti. Na losheni ya jua ni kwa ngozi zote: theluji hurudisha miale usoni kutoka chini, na macho nayo huumia, kwa hiyo miwani ya theluji si ya kupigia picha.

Hatua ya 6: Kufika

Uwanja wa ndege wa Geneva au Zürich, vyote vinafaa. Kutoka Geneva kuna treni ya kwenda Visp moja kwa moja. Kaa upande wa kulia uone ziwa. Visp unabadilisha, unapanda treni ndogo nyekundu inayokwea bonde hadi Zermatt kwa kama saa moja na dakika kumi. Jumla hesabu karibu saa nne. Ukija na gari, utaliacha Täsch na kumalizia kwa treni ya dakika 12. Kabla ya kununua nauli yoyote, piga hesabu ya kadi ya nusu nauli ya wageni, inayodumu mwezi mmoja.

Hatua ya 7: Kukodi viatu

Fanya jioni ya kufika, usifanye asubuhi ya darasa wakati duka limejaa.

Vaa soksi moja tu, ndefu, nyembamba, iliyonyooka bila kukunjika. Suruali ya ndani ikome juu ya buti. Ingiza mguu, gonga kisigino sakafuni mara mbili ili kirudi nyuma kabisa, ndipo ufunge bizimu ya kifundo kwanza na nyingine baadaye, taratibu. Simama wima: vidole viguse mbele kidogo. Sasa kunja magoti, usukume goti mbele: vidole virudi nyuma, na kisigino kisinyanyuke. Kisigino kikipanda, buti ni kubwa, hata kama unajisikia vizuri. Kaa nayo dakika kumi dukani. Kubanwa pande zote sawasawa ni kawaida. Maumivu ya sehemu moja, mfupani, hayavumiliki kwa siku, rudisha.

Shemeji yangu alivaa soksi mbili nene kwa kuogopa baridi, akapewa buti ya kuzitosha. Damu ikabanwa, vidole vikaganda zaidi, na kisigino kilikuwa kikicheza ndani hadi kikachubuka. Siku ya pili alibaki ndani na maji ya chumvi kwenye beseni. Safari nzima, viza, nauli, kila kitu, ilikwamia kwenye soksi.

Fundi atakuuliza uzito, urefu, umri na uzoefu wako. Sema ukweli. Kwa majibu hayo anaweka nguvu ya kibano kinachoshika buti kwenye skii. Ukipunguza kilo kwa aibu, skii itafunguka bila sababu. Ukijiita mzoefu, inaweza isifunguke unapoanguka, na goti ndilo litakalolipa.

Hatua ya 8: Siku tatu za kwanza

Mji uko mita 1,608. Mtu wa Nairobi hatashtuka, kwao ni juu zaidi. Wa Dar au Mombasa alale usiku mmoja, anywe maji mengi. Usikimbilie Klein Matterhorn, kilele kingine cha mita 3,883, siku ya kwanza. Panda Sunnegga, mita 2,288, kwa treni ipitayo ndani ya mwamba, kisha nenda uwanja wa wanaoanza pale Leisee. Ulizia tiketi ya wanaoanza. Ya mlima mzima haina kazi bado.

Siku ya kwanza ni kusimama, yaani kufunga breki: ncha za skii karibu, mikia mbali, kama kipande cha piza. Siku ya pili ni kukunja kona. Siku ya tatu mwalimu akikubali, jaribu njia ya bluu, yaani rahisi. Nyekundu na nyeusi, zilizo ngumu zaidi, ziache. Aliye mbele yako ndiye mwenye haki ya njia. Wewe wa nyuma ndiye wa kumkwepa. Lifti za kushuka zina saa ya mwisho, isome asubuhi, na acha mlima miguu ikiwa bado na nguvu, maana wengi huanguka kwenye mzunguko wa "mara moja tu tena".

Rudisha vifaa jioni ya kuamkia safari. Kabla hujaikabidhi buti, soma namba iliyoandikwa juu yake, kama 26.5, ni urefu wa mguu kwa sentimita. Ipige picha kwa simu pamoja na jina la aina ya buti. Mwakani ukiingia duka lolote la milima ya Alps, utaanzia hapo.