Maltese au Shih Tzu? Jinsi ya kuchagua ukiwa Dar es Salaam

Kazi yangu ni kuogesha na kunyoa mbwa wadogo, wengi wao wa Mikocheni na Mbezi Beach, na swali hili naulizwa kila mara. Wengine huuliza kabla ya kununua, wengine mbwa ameshakuwa mkononi. Si ajabu: Maltese na Shih Tzu ni aina mbili za mbwa wadogo, manyoya yao hayapukutiki sana, na wote wanapenda kulala miguuni pa mtu. Wakinyolewa fupi, mgeni hawezi kuwatofautisha. Ila kwa jiji letu kuna kitu kimoja kinachowatenganisha kabisa, nacho ni pua.

Hatua ya 1: Pima joto la nyumba yako

Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Anajipoza kwa kuhema, ulimi nje. Shih Tzu ana uso bapa na njia ya hewa iliyobanwa, kwa hiyo anahema sana na anapoa kidogo. Juu ya hapo ana manyoya ya tabaka mbili. Maltese ana pua ndefu kidogo na tabaka moja tu la manyoya. Kuanzia Desemba hadi Machi joto la Dar hupita nyuzi 30, na unyevunyevu wa pwani hufanya kuhema kusisaidie sana hata kwa mbwa mwenye pua ndefu.

Jaribu hivi: saa nane mchana zima AC na feni, funga mlango, kaa sebuleni kama vile umeme umekatika. Kama wewe mwenyewe unatafuta pa kukimbilia, Shih Tzu usimlete humo. Nyumba ya bati isiyo na dari, au chumba kisichopitisha hewa, hapo nasema Maltese. Na kama mchana kutwa hakuna mtu wa kumfungulia dirisha na kumbadilishia maji, nasema subiri kwanza, usichukue yeyote.

Hatua ya 2: Angalia unaishi na nani

Maltese aliyekomaa ana kilo 3 hadi 4, mifupa myembamba. Mtoto wa miaka mitatu akimwangusha kutoka kwenye kochi, mguu unavunjika. Shih Tzu hufika kilo 7, amejaa, na ana subira zaidi na watoto. Mwenye watoto wadogo na nyumba yenye ubaridi, huyo ndiye wake. Lakini wafundishe watoto wasimkamate ngozi ya shingo wala kumgonga kichwa: macho ya Shih Tzu yamejitokeza, na jicho linaweza kuchomoka.

Maltese hubweka zaidi. Akisikia geti, akisikia muuza mboga, lazima aseme. Kama mnachangia uwanja na wapangaji wenzako, zungumza na mwenye nyumba na majirani mapema. Jirani Mwislamu hataki mate ya mbwa yaguse nguo zake za kuswalia, na ana haki hiyo. Mtafutie mbwa sehemu yake mbali na kamba za nguo.

Hatua ya 3: Hesabu muda wa chanuo

Wote wanahitaji kuchanwa kila siku, au kunyolewa fupi mara kwa mara. Anza kwenye ncha ukirudi kwenye shina, na usisahau nyuma ya masikio na kwapani, ndiko manyoya hufungamana. Usimnyoe hadi ngozi ionekane. Acha sentimita moja au mbili, maana jua la hapa linaunguza ngozi, hasa ya Maltese.

Ukichana, tafuta kupe: ndani ya sikio, katikati ya vidole, chini ya mkia. Homa ya kupe huanza kimya. Mbwa anakataa chakula, analala sana, fizi zinakuwa nyeupe, wengine wanatoka damu puani. Dawa ya kupe apewe kwa uzito wake na daktari. Dawa ya josho la ng'ombe iliyochanganywa kwa kukisia inaua mbwa wa kilo 3.

Hatua ya 4: Mchunguze mtoto wa mbwa mwenyewe

Asiwe chini ya wiki 8. Omba kumwona mama yake. Ukubwa wa mama utakuambia mengi kuliko maneno ya muuzaji.

Kwa Shih Tzu, mshike uso kwa upole utazame pua. Unataka matundu yaliyo wazi. Kama ni mistari miwili myembamba, na kila akivuta pumzi matundu yanajifunga, mrudishe. Mwache acheze dakika chache, kisha sogeza sikio: kukoroma akiwa macho si uzuri, ni shida ya hewa.

Kwa Maltese, mwangalie akitembea kwenye tailizi. Akiruka hatua mbili tatu kwa miguu mitatu, kisha akaendelea kama hakuna kitu, pia ya goti inateleza. Maltese halisi ni mweupe. Ukionyeshwa mwenye mabaka meusi, huyo ni mchanganyiko. Anaweza kuwa mbwa mzuri, ila asiuzwe kwa bei ya Maltese halisi.

Hatua ya 5: Chanjo

Kadi iwe na stika ya chupa ya chanjo, tarehe na sahihi ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania. Chanjo ya parvo, ugonjwa wa virusi unaoharisha na kuua watoto wa mbwa, huanza wiki ya 6 hadi ya 8 na hurudiwa hadi wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa hutolewa akifika miezi mitatu. Kabla hajamaliza, asikanyage barabarani wanakopita mbwa wa mtaani.

Siku ya kumchukua nenda asubuhi na mapema, ukiwa na maji na taulo lenye unyevu. Maltese mdogo mlishe kidogokidogo mara nne kwa siku, kwa sababu sukari yake hushuka haraka akikaa na njaa.