Somo: Namna ya Kuisikiliza "Feast of Wire" ya Calexico kwa Mara ya Kwanza

Wengi wetu huiacha albamu hii ikifika wimbo wa nne au wa tano, kwa sababu kila tunapodhani tumeshaijua ni ya aina gani, inageuka. Mimi niliiacha mara mbili kabla ya kupata njia ifuatayo.

Hatua ya kwanza: tazama ramani. Calexico ni mji mdogo wa California unaopakana na Mexicali, mji wa Mexico, na majina yote mawili yameunganishwa kutokana na California na Mexico. Bendi yenyewe ni ya Tucson, Arizona, jangwani, ambako Joey Burns, mwimbaji na mpiga gitaa, na John Convertino, mpiga ngoma, waliianzisha baada ya kupiga pamoja katika bendi ya Giant Sand. Albamu ilitoka mwaka 2003 ikiwa na vipande 16, na kadhaa kati yake havina maneno kabisa.

Hatua ya pili: piga "Sunken Waltz" mara mbili, na usiwe na shughuli nyingine mkononi. Mara ya kwanza hesabu tu moja, mbili, tatu. Mara ya pili mwache mwimbaji aende zake, ufuate ngoma. Convertino hupenda kutumia vifagio vya nyaya badala ya fimbo, na ukitega sikio utasikia mkwaruzo mwepesi, kama wa mtu anayefagia uwanja wa mchanga alfajiri wakati wenzake bado wamelala.

Hatua ya tatu: nenda "Close Behind", kipande cha ala tupu ambamo tarumbeta za Kimexico zinatawala, kisha "Black Heart", ulio mzito na wa taratibu. Aliyezoea taarabu hatazishangaa fidla za wimbo huu, ila ajue kwamba hapa hazijibizani na mwimbaji bali zinamzingira.

Hatua ya nne: "Attack El Robot! Attack!" yenye milio ya kielektroniki, pamoja na "Crumble" ambayo ni jazi, uziweke kando kwanza. Si mbaya, lakini ndizo zilizonifukuza.

Hatua ya tano: sikiliza "Across the Wire" huku maneno yakiwa mbele yako. Ni wimbo wa watu wanaovuka mpaka, na hapo ndipo neno "waya" katika jina la albamu linapoanza kueleweka. Sasa rudi mwanzo, upige yote kwa mpangilio wake.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, ikiwa imejaa tarumbeta za Kimexico, kwa nini iitwe Americana?

Jibu: Americana hukusanya kantri, bluzi, foki na miziki mingine yenye mizizi Marekani, tuzo za Grammy ziliipa kipengele chake cha albamu kuanzia mwaka 2010. Tena, Tucson ilikuwa sehemu ya Mexico hadi Marekani iliponunua eneo hilo kwa mkataba uliotiwa saini mwaka 1853. Kwa hiyo ndugu yangu, katika mji huo nyimbo za Kimexico si mgeni aliyekaribishwa juzi.

Swali: Ni gitaa gani lile linalolia kwa kuvuta sauti, kama mtu anayeomboleza?

Jibu: Hilo ni gitaa liitwalo pedal steel. Hulazwa, mpigaji akaketi nyuma yake na kuteleza kipande cha chuma juu ya nyuzi, huku miguu na magoti yakizikaza na kuzilegeza kwa mitambo iliyo chini. Ni ala ya kantri, na katika bendi hii aliyeipiga ni Paul Niehaus.

Swali: Nimefuata hatua ya pili, lakini vifagio sivisikii.

Jibu: Bila shaka unatumia spika ya simu, dada. Azima hedifoni, hata zile za bei nafuu, urudie.